Baldur's Gate 3 kwa macho ya mtu aliyeanzia kwenye kopo la vikaratasi (Tanga)

Naanza na kopo, manake bila kopo hamtanielewa huko mbele.

Sisi tupo watano, tunakutana kila Jumamosi baada ya isha pale Ngamiani kwenye baraza la nyumba ya bibi, tunacheza Dungeons & Dragons ya mezani, ile ya karatasi na penseli, kila mtu anaigiza mtu wake ndani ya hadithi, iliyoanzia Marekani mwaka 1974, na tunaicheza kwa kiswahili. Kitabu cha sheria hatukununua, Januari 2023 wenye mchezo wenyewe, Wizards of the Coast, waliachia sheria zao za msingi kwa leseni ya Creative Commons, yaani unachapa unatumia bila kuomba ruhusa, basi tukaenda stesheneri tukachapisha vile vipande tulivyovihitaji tukavibana na pini. Shida ikawa dadu. Huu mchezo unataka dadu ya pande 20 na hapa Tanga hatukuipata, tumezunguka mpaka maduka ya vifaa vya shule, hola. Nahodha wetu (ndo tunavyomwita yule anayeongoza hadithi, anawachezea maadui na kuamua kipi kinawezekana kipi hakiwezekani, kazi yake mwalimu wa hesabu) akakata vikaratasi 20 saizi moja, akaandika 1 mpaka 20, akavikunja akavitia kwenye kopo la Blue Band. Ukitaka kuruka mtaro, ukitaka kumdanganya askari wa getini, unatikisa kopo unachomoa kimoja, unajumlisha na pointi zako, namba ikifika umeweza isipofika umekwama, afu unarudisha kikaratasi. Mwaka na nusu tunaishi na hilo kopo.

Sasa Baldur's Gate 3 ni mchezo huohuo ulioingizwa kwenye kompyuta. Waliotengeneza ni Larian Studios wa Ghent, Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023 kwenye kompyuta, Septemba ikaja PS5, Desemba Xbox, na mwaka uleule ikachukua gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards. Bei yake ya kawaida ni dola 60, na inataka nafasi ya GB 150 kwenye SSD (ile diski ya kasi), kwa hiyo kama unategemea bando la simu usijaribu, mie nilienda kushushia kwa rafiki yangu Raskazone mwenye faiba, laptopu ililala kwake siku mbili. Nimeimaliza mara moja peke yangu, na sahivi naicheza tena na mdogo wangu wa kike, tunachomeka kwenye tivii, pedi mbili, skrini inagawanyika nusu kwa nusu kila mtu na mtu wake.

Swali la watu wa mezani kuhusu hii gemu siku zote ni lilelile, je wamefuata sheria au wamezilainisha ili kila mtu aweze kucheza. Nilikuwa na hilo swali tangu siku ya kwanza na nilidhani jibu litakuwa orodha, hapa wamefuata pale wamekata. Baada ya kucheza na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye baraza letu hata siku moja, nimeona kumbe nilikuwa naulizia kitu kingine. Sheria nyingi hazimchoshi mgeni. Kinachomchosha ni sheria asiyoiona, ile inayomwamulia mambo huko nyuma halafu yeye anapewa matokeo tu.

Angalia dadu yenyewe. Ukiongea na mtu ndani ya gemu na unataka kumshawishi, skrini inasimama, linakuja dadu kubwa katikati, juu yake imeandikwa namba unayotakiwa kufikia, chini zimepangwa nyongeza zako zote, hii ya ulimi wako mtamu, hii ya baraka aliyokupa mwenzako, unabonyeza linabiringika linatulia, halafu zile nyongeza zinaruka moja moja zinaingia kwenye namba mbele ya macho yako. Ni kopo letu lilelile! Hatua kwa hatua, kutikisa, kuchomoa, kujumlisha. Mdogo wangu hakusoma ukurasa hata mmoja wa vile vipande vyetu vya stesheneri lakini ndani ya saa moja alikuwa ananiambia kaka ngoja kwanza usimruhusu huyo aongee, wa kwako ana ulimi wa nyongeza 3 wa kwangu ana sifuri, nenda wewe.

Ukitaka kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani rudi kwenye gemu ya kwanza ya jina hili, ya BioWare, mwaka 1998. Nayo ilifuata sheria za mezani, zile za toleo la pili, na iliziheshimu sana tu, lakini pigano lilikuwa linakwenda mfululizo mpaka ulisimamishe mwenyewe, dadu zinatupwa kimyakimya huko ndani, na kinga ya mwili ilikuwa inahesabiwa kinyume, namba ikishuka ndo umezidi kuwa imara. Niliijaribu ile iliyofanyiwa marekebisho na kwakweli ilinitoa jasho, nilikuwa naona mtu wangu anakosa anakosa anakosa na sijui kwanini. Uaminifu ulikuwepo ila ulikuwa chumba cha ndani na mlango umefungwa.

Kuna tukio la mwanzoni mwanzoni (asiyetaka kuharibiwa hadithi aruke hii aya). Unafika kwenye makazi fulani msituni unamkuta mtoto wa kike kakamatwa, kaiba kitu chao cha ibada, na yule mama kiongozi amemwekea nyoka mbele. Unaweza kuongea. Mdogo wangu akasema huyu wa kwangu ndo anaongea, akachagua maneno ya kumsihi yule mama, dadu likabiringika likaleta namba ya chini, akatumia ile nafasi ya kurudia, gemu inakupa pointi za kurudia dadu ukicheza kulingana na historia ya mtu wako, ikaja ya chini tena. Nyoka akamgonga yule mtoto akafa palepale. Mdogo wangu akaweka pedi chini. Nikamwambia tunaweza kurudi nyuma, kuna sevu ya dakika tano zilizopita, akakaa kimya kidogo akasema hapana kaka, ishatokea. Hapo ndo nikajua gemu imeleta roho ya mezani, manake roho ya huu mchezo haipo kwenye kurasa za sheria, ipo kwenye lile tumbo kukaza kabla ya kukunjua kikaratasi, na mtu asiyejua sheria hata moja ameipata yote.

Haya tuje kwenye walivyokata. Wamekata vingi na kwa sehemu kubwa naungana nao. Kwa sheria za 2014, ambazo ndo gemu imejengwa juu yake, kwenye zamu yako una tendo moja kubwa na tendo moja dogo. Kunywa dawa ya kurudisha uhai ni tendo kubwa, yaani ukinywa hupigi, zamu imekwenda. Larian wakaifanya iwe tendo dogo. Nahodha wetu aliposikia alikunja uso, ila mezani kwenu mnajua wenyewe, nani anakunywa dawa akiwa katikati ya pigano kama inamla zamu nzima? Sisi dawa zetu zilikuwa zinaozea kwenye begi. Na wenyewe Wizards walipotoa kitabu kilichorekebishwa mwaka 2024 wakaweka hivyohivyo, tendo dogo. Kuruka nako, mezani unahesabu futi na nguvu za mwili na kama umekimbia kwanza, kwenye gemu unaoneshwa mstari, ukifika unafika. Viungo vya uchawi, ule unga na manyoya ambavyo mezani mchawi anatakiwa awe navyo mkononi, vimeondolewa, na sioni mtu wa kuvililia. Kupumzika mezani kuna dadu zake za kurudisha uhai, kwenye gemu mapumziko mafupi yanakupa nusu ya uhai wako bila hesabu na unayo mawili tu mpaka ulale, na kulala kunakula chakula, mafungu 40 kwa usiku, ukicheza kwa ugumu wa juu 80. Hapo wametoa hesabu wakabakiza uamuzi, nilale sasa au nisukume mbele na watu wangu wamechoka. Hicho ndo kipimo changu mie, kazi ya mkono toa, ule uamuzi uache.

Kwa kipimo hichohicho kuna sehemu wamepitiliza. Ule uchawi wa kumfanya mtu awe na kasi, mezani unakupa tendo la ziada lenye masharti, pigo moja tu la silaha, au kukimbia, au kujificha, vitu hivyo. Kwenye gemu unapewa tendo zima, kwa hiyo mchawi mwenye kasi anarusha mipira ya moto miwili zamu moja, na ile sheria ya mezani kwamba ukipiga uchawi kwa tendo dogo basi kwa tendo kubwa unabaki na uchawi mdogo tu nayo haipo. Ukishaligundua hilo huulizi tena nifanye nini zamu hii, jibu ni moja, kasi. Nani aanze pigano mezani inatupwa dadu ya pande 20, hapa wametumia dadu ya pande 4, maana yake mtu mwepesi karibu kila siku anatangulia na mzito anabaki nyuma, bahati haina pa kukaa. Kusukumana, mezani unatoa mojawapo ya mapigo yako ndo umsukume mtu, hapa ni tendo dogo, unapiga halafu unasukuma, na kwa kuwa ramani zimejaa majabali basi nusu ya maadui wangu wakubwa walikufa kwa kuanguka. Inafurahisha kwakweli, mdogo wangu anashangilia kila mara kama bao limeingia uwanjani Mkwakwani, ila ikifika mara ya ishirini unaona pigano lililoandaliwa vizuri linaisha kwa bega moja.

Na 20 tupu. Mezani ukichomoa 20 kwenye pigo umepiga hata adui awe na kinga gani, lakini kwenye kushawishi au kupanda ukuta 20 ni namba tu, ongeza na zako, kama haitoshi haitoshi. Gemu inasema 20 umeweza siku zote, na 1 umeshindwa siku zote hata uwe bingwa wa hilo jambo. Wengi mezani wanacheza hivyo wakidhani ndo sheria. Nahodha wetu hakubali na ana hoja, anasema mtu akijua hata jambo lisilowezekana lina nafasi moja katika 20 basi atajaribu kumwomba mfalme amwachie kiti. Mie kwenye gemu nimelielewa, skrini ikishakutolea dadu basi tayari imekuahidi kuna njia, halafu ukapata 20 ukaambiwa hapana ungeona umechezewa.

Hapo kwenye kuchezewa ndo naingia kwa mjomba.

Mjomba wangu ni mtu wa bao. Bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32, kete 64, anakaa pale barazani tangu alasiri na kahawa yake na kashata, na nimeona watu wanatoka Pangani wanakuja kukaa naye. Kuna jioni alikuja ndani tukiwa tunacheza, akakaa kwenye kochi anatazama dadu linabiringika mara nne tano bila kusema kitu. Halafu akaniuliza, "Mjomba, hiyo dadu anatupa nani?"

Nikamwambia, "Mashine yenyewe, mjomba."

"Na utajuaje haikuibii?"

Nikaanza kumweleza kwamba kila namba inaoneshwa, hata katikati ya pigano kuna kidirisha pembeni kinaandika kila pigo, fulani katupa 11, kaongeza 5, kinga ya adui 15, kapiga, ukitaka kuhakiki unahakiki. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Ila mie moyoni nikakwama, kwa sababu nilikumbuka kitu ambacho sikumwambia usiku ule. Kwenye setingi za hii gemu kuna kitu wanakiita Karmic Dice, na ukifungua gemu mara ya kwanza unakikuta kimewashwa tayari. Kazi yake ni kuzuia dadu isikae upande mmoja muda mrefu, ukikosa kosa mfululizo inakuinua kidogo. Nia ni njema, wanataka mgeni asikate tamaa jioni ya kwanza akazima akaenda zake. Lakini hiyo si dadu tena. Nahodha wetu akichungulia vikaratasi akanichagulia kizuri kwa kunihurumia siku nikijua sitagusa tena lile kopo. Nimeizima, na nawaambia wote mnaoanza, izimeni siku ileile, na ombi langu kwa Larian kama wangekuwa wanasikia hapa Ngamiani ni kwamba kingekuja kimezimwa, anayekitaka akiwashe kwa mkono wake akijua anachokifanya. Kwenye gemu nzima hapo ndo pahala pekee walipolainisha kwa kuficha, na ndo maana panauma, manake kila kwingine wamelainisha kwa kuonesha.

Na bao lenyewe lina somo kwenye hili. Mjomba akiwafundisha watoto hawaingizi kwenye bao kubwa moja kwa moja, lina namua yake, mwanzoni kete nyingi zipo mkononi, 22 kila mtu, unaziingiza moja moja, kuna nyumba na masharti ya nyumba, kuna kichwa na kimbi, mtoto wa miaka tisa atakimbia. Anawapa bao la kujifunza. Kete mbili mbili kila shimo, zote zishatandazwa, hamna nyumba, hamna cha mkononi, mnaanza kuchezesha. Lakini kula ni kula vilevile, mtoto akizembea anasafishwa mstari wa mbele na mjomba hamrudishii hata kete moja. Bao dogo ni dogo waziwazi, kila mtu anajua hili ni la kujifunza, na siku mtoto akiwa tayari anahamia kubwa na macho yake yameshazoea. Niliwahi kumshushia mjomba gemu moja ya bao kwenye simu, jina lake siliandiki hapa, sheria zilikuwa sawa nyingi tu, ila ukigusa shimo kete zinajisambaza zenyewe kasi mno, macho hayafuati, ghafla bao limebadilika na hujui kete ya mwisho ilifia wapi wala kwanini imekula. Alicheza mara mbili akanirudishia simu. Ile haikuvunja sheria yoyote, iliificha tu, na fundi wa miaka arobaini akajiona mgeni.

Larian kwenye daraja za ugumu wamefanya kama bao la kujifunza na hapo nawasifu bila kubania. Kuna daraja la chini kabisa, Explorer, adui wamelegezwa, la kati, la juu Tactician, halafu Novemba 2023 wakaongeza Honour, sevu ni moja tu, timu ikifa imekufa, maadui wakubwa wanapewa matendo ya ziada nje ya zamu yao kama ilivyo mezani, na hapohapo wakabana baadhi ya yale yaliyopitiliza, hata ule uchawi wa kasi kwa mpiganaji ukarudi karibu na sheria yake, lile tendo la ziada haliji tena na mapigo mawili matatu ndani yake. Siku hiyohiyo wakaleta na daraja la kujipangia mwenyewe, unaweza kuficha uhai wa adui usiuone, kama mezani ambako nahodha hakwambii. Yaani aliyetoka kwenye kopo anajikazia, aliyetoka kwenye mpira wa PlayStation anajilegezea, na kila mmoja anajua yupo wapi. Mie na mdogo wangu tulianza la kati na baada ya wiki tatu yeye mwenyewe ndo akasema tupandishe.

Kizuizi cha kweli kwa mtu wa hapa ni lugha, nalisema wazi. Gemu imetafsiriwa lugha kibao, kiswahili hakimo, na hii ni gemu ya maneno, mazungumzo hayaishi, vitabu ndani ya gemu, barua za maiti, kila kitu. Mdogo wangu kiingereza chake cha kidato cha nne kinamtosha mtihani lakini hakimtoshi kujua huyu anaongea kwa kejeli au kwa dhati, kwa hiyo saa za mwanzo nilikuwa mkalimani, tunasimamisha, namweleza, anachagua, tunaendelea, mwendo wa kobe. Wanaobishana huko ughaibuni kama tendo dogo limerahisisha sana wanasahau kwamba kwa mtoto wa Makorora sheria ndo ilikuwa sehemu nyepesi. Namba anaisoma. Sentensi ndo inamgomea. Faida iliyotoka humo ni kwamba tumeanza kubuni maneno yetu, manju kwa yule mwimbaji anayewapa wenzake moyo vitani, mjanja kwa yule wa kufungua makufuli, na tukaenda nayo mpaka barazani Jumamosi.

Kuna ambacho gemu haitakupa, nahodha. Kuna siku barazani mwenzetu mmoja alifukuzwa na popo wakubwa pangoni akasema mie nina chandarua begini, nakitega mlangoni. Hamna sheria ya chandarua. Nahodha akafikiri, akasema haya, ufike 12, akachomoa 14, popo wakanasa, tumelisimulia mpaka leo. Gemu haiwezi kusikia wazo lisilokuwepo kwenye menyu yake. Larian wamejaribu kuziba hilo pengo kwa vitu vyenyewe, unabeba makreti unapanga unapanda juu ya ukuta, unarusha chupa ya maji na moto unazimika, adui akilowa basi umeme unamuumiza maradufu, mafuta yanawaka, unaongea na panya, unaongea na maiti. Mengi ya hayo mezani hayapo kabisa au yapo kwa namna nyingine, ni vionjo vyao wenyewe tangu gemu zao za nyuma, na mie nahesabu ni uaminifu wa aina yake, wameangalia kile nahodha anachokufanyia, kukubali wazo lako la ajabu, wakatafuta namna mashine ikubali japo machache. Mwisho wa kupanda ni levo 12 wakati mezani ni 20, na siwalaumu, kule juu levo ya 17 mchawi anapata uchawi wa kutamani chochote kikawa, hadithi gani ya kompyuta itastahimili hiyo.

Kwa yule anayetaka kitabu neno kwa neno, achukue Solasta: Crown of the Magister, ya Wafaransa Tactical Adventures, 2021. Ile wameshika sheria za msingi karibu zote, unaweza kuandaa tendo ukalisubirisha adui apite, unaweza kukwepa zamu nzima, vitu viwili ambavyo Larian wameviacha, giza na mwanga vina uzito, mchawi anatakiwa awe na mkono mtupu. Na nyepesi kwa kompyuta, laptopu ya kawaida inaweza kuibeba. Hadithi yake nyembamba na nyuso za watu ngumu kama mbao, ila kwenye mapigano nilifurahi sana, nahodha wetu ndo aliyeipenda kuliko Baldur's Gate 3 na ana haki yake. Nayo inaonesha dadu zake waziwazi.

Ninunue au nisinunue? Kama una mashine ya kuibeba (wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 16 na kadi ya picha kama RTX 2060 Super, chini ya hapo punguza picha uvumilie), na una mtu wa kukaa naye kochi moja, nunua, subiri punguzo kama unaweza, huwa yanakuja. Sasisho kubwa la mwisho lilikuwa Aprili 2025, la nane, limeongeza matawi mapya 12 ya wahusika na kuwezesha wa PS5 kucheza na wa kompyuta, kwa hiyo unachonunua sahivi kimekamilika. Mchezaji peke yake asiyependa kusoma hii si yake, atachoka kabla ya kutoka ule msitu wa kwanza.

Barazani kumebadilika mawili matatu tangu nahodha aje kutazama. Dawa sasa tunakunywa kwa tendo dogo. Halafu zamani alikuwa haisemi namba ya kufikia, unachomoa, anakuangalia, anasema umeweza au hujaweza. Sasa anaiandika kwa chaki pale sakafuni kabla hujagusa kopo. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuja akawa wa sita, mara yake ya kwanza kucheza bila skrini, kakaa na khanga yake karibu na mjomba ambaye alikuwa amelaza bao lake kwa muda. Nahodha akaandika 13. Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye kopo, mjomba akamwambia ngoja, mama, nipe kwanza. Akamwaga vile vikaratasi kwenye jamvi, akavikunjua kimoja kimoja chini ya taa akivipanga kwa mstari, moja mpaka 20, akavihesabu mara ya pili kwa kidole, akavikunja, akavirudisha, akatikisa mwenyewe, akampa.

"Haya, chomoa."